Mita 30 haziishii kwenye uzio wako

Haya, naona viti vimejaa na wengine mmesimama chini ya mwembe, basi nisiwachoshe. Hamjambo wazee, hamjambo mama zangu, na vijana wa boda nyie mmezima mapikipiki kweli au mnasubiri abiria huku mnanisikiliza? Mzee cheyamani, mwenyekiti wetu, asante kwa kunipa nafasi, na asante kwa kunionya mapema kwamba nina dakika 30, maana habari ya choo ukiianza vizuri watu wanakaa mpaka jioni, ni kitu tunakitumia kila siku ila hakuna anayetaka kukitaja mbele ya wakwe.

Mimi ni fundi. Sio daktari, sio mtu wa serikali, gari nje sina. Nimezaliwa hapa hapa Busia upande wetu huu wa Uganda, nikaenda Kampala kijana mdogo na mwiko wa marehemu baba, na toka hapo nimejenga misingi, nimejenga maghorofa madogo madogo, na nimejenga septiki tanki ambazo hesabu yake siijui tena. Na nitasema ukweli mbele yenu, nyingi za zile za mwanzo nilijenga vibaya. Nitafika huko.

Kwanza mnione na hii chupa. Hii ni chupa ya kawaida ya maji, lita moja na nusu. Jana usiku nyumbani kwa dada yangu nilitia humu konzi ya udongo, vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, nikajaza maji, nikatikisa mpaka ikawa kama chai ya maziwa, nikaiweka dirishani nikalala. Sasa iangalieni. Pitisha hapo mama, usiitikise tu. Chini tope limelala, si ndio? Juu mafuta yamepanda yakakaa. Halafu hapa katikati kuna maji yanayojifanya masafi lakini ukiyaweka kwenye jua unaona bado yana rangi. Haya, hiyo ndiyo septiki tanki, hakuna uchawi mwingine zaidi ya huo. Uchafu mzito unazama, mafuta na sabuni vinaelea, na yale maji ya katikati ndiyo yanatoka kwa bomba kwenda chumba cha pili, halafu yanaenda soki piti, lile shimo la mawe linalokunywa maji. Ndiyo maana fundi anaweka bomba la T pale mdomoni, ile T inashuka chini kidogo ichukue maji ya katikati tu, isichukue mafuta ya juu wala tope la chini. Nimefungua matanki ya watu wenye hela zao nikakuta hakuna T, fundi alisema ni kupoteza bomba.

Sasa hapa ndipo wengi tunalala usingizi. Mtu anaambiwa nyumba yake ina septiki, anajua basi uchafu umeisha, umeshughulikiwa. Hapana. Yale maji ya katikati bado ni machafu kabisa. Mle ndani kuna vijidudu visivyotaka hewa vinakula sehemu ya lile tope, hiyo ni kweli, lakini wadudu wa taifodi, wa kipindupindu kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba, virusi vya kuhara, wengi wanatoka na yale maji wakiwa hai. Niseme kwa lugha ya jikoni: tanki kazi yake ni kumenya tu, anayepika ni udongo. Maji yakitoka soki piti yakipita polepole kwenye udongo mkavu wenye hewa, udongo unayachuja, wadudu wanakwama, wanakufa njaa, wanaliwa na wadudu wengine, na yakifika mbali yamebadilika. Ukimnyima udongo nafasi ya kupika, unakula mbichi.

Na nafasi yenyewe inapimwa namna mbili. Ya kwanza ni kwenda chini. Kati ya kitako cha lile shimo na maji ya ardhini pawe na angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu, na hapo unapima wakati wa mvua, usije ukapima Januari ukaniambia hapa ni pakavu. Ya pili ni ya kwenda pembeni, ndiyo ile mmeisikia kwa watu wa afya, mita 30 kati ya choo na kisima. Watu wanauliza kwa nini 30, kwani 20 ina nini. Haikutoka hewani hiyo. Ni muda. Kwenye udongo wa kawaida maji yanatembea polepole sana, na wale wadudu hawaishi milele nje ya tumbo la mtu, kwa hiyo ule mwendo wa mita 30 ni muda wa wao kufia njiani. Ila ardhi ikiwa na mwamba uliopasuka, au maramu, ule udongo mwekundu wa mawe mawe, maji yanakimbia kwenye nyufa kama boda kwenye jamu, na hapo hata 30 inaweza isitoshe. Nani amechimba kisima hapa akakuta mwamba? Naona mikono. Haya, mjue.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Tepu yangu hii hapa. Asubuhi mimi na cheyamani na yule kijana wa shati jekundu tumetembea mtaa huu tukipima, watu wakadhani tumetumwa kupima barabara wakaanza kutuletea chai, tukainywa. Sitataja plot ya mtu. Lakini kwenye nyumba ya kwanza tuliyoingia, kutoka mfuniko wa septiki mpaka kisima ni mita 11 na nusu. Ya pili, mita 14. Ya tatu, mwenye nyumba alifurahi sana, akasema mimi niko sawa fundi, mimi nilimfuata yule wa afya. Tukavuta tepu, mita 31. Kweli kabisa! Akapiga makofi. Halafu cheyamani akachungulia juu ya ukuta, akaniita. Nyuma ya ukuta, choo cha jirani. Tukarusha tepu juu ya ukuta: mita 4.

Mita 4, jamani. Yule mzee ametii sheria yote na anakunywa choo cha mtu mwingine.

Hebu tupige hesabu ya plot zetu. Plot ya kawaida Uganda ni 50 kwa 100, kila mtu anajua, hata mtoto wa shule. Lakini hizo ni futi. Kwa mita ni kama 15 kwa 30. Umeiona shida? Urefu wote wa plot yako, kutoka geti mpaka ukuta wa nyuma, ndiyo zile mita 30 zenyewe. Ukitaka kutii ndani ya plot yako peke yako inabidi choo kikae kona hii kabisa na kisima kikae kona ile ya mshazari kabisa, hapo unapata mita 33 na ushee. Sawa, umetii. Lakini ile kona uliyoweka kisima inagusana na plot tatu za watu, na kila mmoja wao naye ana haki ya kuweka choo chake konani. Sasa nani ana makosa? Hakuna mmoja mmoja mwenye makosa na wote mnaumwa tumbo. Ndiyo nasema mita 30 haziishii kwenye uzio wako. Sheria imeandikwa kama kila mtu anaishi peke yake shambani kwa babu, na sisi tumekatakata shamba la babu tukauziana vipande.

Wengine mtasema fundi anatisha watu, sisi tunachemsha maji. Kuchemsha ni vizuri, endeleeni, anayechemsha asiache. Lakini kuna kitu kinaitwa nitreti, kinatoka kwenye mkojo na kinyesi, kinayeyuka kwenye maji, hakina rangi, hakina harufu, na udongo hauishiki vizuri. Ukichemsha haitoki, tena maji yakipungua kwenye sufuria ndiyo inazidi kuwa nzito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo, damu yao inashindwa kubeba hewa vizuri, mtoto anaanza kuwa na rangi ya bluu bluu midomoni. Kwa wale wadudu wenyewe kipimo hakina mchezo, ni sifuri, maji ya kunywa mililita 100, yaani nusu kikombe, isikutwe hata e-koli mmoja, yule mdudu wa kinyesi.

Na msiseme ni mambo ya vitabuni. Mwaka 2015 nilikuwa Kampala, taifodi ikapiga ule mji, walioshukiwa kuugua walipita elfu 10. Waliofuatilia chanzo waliikuta kwenye maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo vikauzwa katikati ya mji, kwa watu wanaofanya kazi juani, wapagazi, mafundi kama sisi, unanunua juisi ya baridi unasikia raha kumbe umenunua wodi. Vijana wangu wawili wa saiti walilala. Mmoja alikaa wiki tatu hajashika koleo.

Sasa ile toba yangu niliyowaahidi. Miaka ile naanza, bosi mmoja pembezoni mwa Kampala alinipa kazi ya kujenga tanki, nikachimba, nikapanga tofali, nikataka kumwaga zege la chini. Akaja akasimama juu ya shimo, mkono mfukoni, akasema kijana acha chini wazi, maji yazame, tanki lisijae haraka, mimi sina hela ya kuita lori la kunyonya kila saa. Nikaacha. Nilikuwa nataka hela yangu, na kusema kweli niliona ni akili. Nikamjengea hivyo, halafu nikawajengea wengine watano sita hivyo, nikawa najisifu kabisa, matanki yangu hayajai! Watu wakanitafuta kwa ajili hiyo. Hilo si tanki, ni choo cha shimo kilichovaa suti. Tanki lisilo na sakafu linamwaga kila kitu moja kwa moja chini, hakuna kumenya hakuna kupika, na mahali maji ya ardhini yako karibu unakuwa unasukuma uchafu ndani ya kisima kwa bomba la inchi 4. Tanki ambalo halijai miaka 15, ndugu yangu, usilishangilie. Jiulize vitu vinaenda wapi.

Kitu cha pili kinachoua matanki ya hapa kwetu ni mizigo. Na sisemi mizigo ya lori la mpakani, nasema ile mizigo ya kupangisha, chumba kimoja kimoja mstari mrefu, ingawa kwa septiki ni mzigo kweli kweli. Mtu anapeleka ramani ofisini, nyumba ya familia ya watu 6, tanki la watu 6, inapita, inapigwa muhuri. Anajenga. Baada ya miaka miwili anaongeza vyumba 10 nyuma, anaunganisha bomba kwenye lile lile tanki. Vyumba 10 ni watu 40 bila wageni. Kila mtu akitumia lita 50 tu kwa siku, kuoga, kufua, kumwaga, ni lita 2,000. Tanki kama ni la lita 3,000 na nusu yake imejaa tope, yale maji yanakaa mle saa ngapi? Hayafiki hata siku moja, wakati angalau yanatakiwa kukaa saa 24 ili tope lipate kulala. Ile chupa, mama niletee kidogo, asante. Chupa hii sasa hivi nikiitikisa hivi... mnaona? Imerudi chai ya maziwa. Hiyo ndiyo septiki ya watu 6 iliyopewa watu 46. Haitulii. Tope linatoka na maji linaingia soki piti, linaziba mawe, linaziba udongo, na siku moja unaamka unakuta kiwanja kimelowa na harufu imefika msikitini, unaita fundi unamwambia soki piti imekufa. Haikufa, imeuliwa.

Sasa sheria. Mnajua watu wanasema Uganda hakuna sheria ya mambo haya, si kweli, zimejaa. Sheria ya Afya ya Umma ni ya mwaka 1935, babu zetu walikuwa vijana, imefanyiwa marekebisho 2023, na hiyo inampa mtu wa afya nguvu ya kukuandikia notisi kwamba choo chako ni kero, rekebisha. Kuna Sheria ya Maji, inakataza kuchafua maji. Kuna Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013, hujengi bila kibali, na huruhusiwi kuhamia bila kibali kingine cha kukaa. Kuna ya mazingira ya 2019. Karibu na Ziwa Victoria kuna ukanda wa mita 200 kutoka ufukweni wa kulindwa, wale wenye viwanja Majanji mnajua ninachosema na mnajua mmejenga wapi. Kampala wao walijiandikia na yao ya 2019, ya maji taka na tope la vyooni peke yake. Na juu ya zote Katiba, kifungu cha 39, kila Mganda ana haki ya mazingira safi yenye afya.

Shida ni kwamba nyingi ya hizi zinamwangalia mtu mmoja na plot yake siku anapojenga. Ramani inapigwa muhuri, shimo linafunikwa, basi. Hakuna anayerudi kuuliza umeongeza vyumba, umenyonya lini. Niliwahi kukaa wiki mbili kwenye saiti nasubiri inspekta aje aone tanki kabla sijafunika, hakuja, bosi akachoka akasema funika. Nikafunika. Karatasi zikatoka zinasema limekaguliwa. Sitasema ofisi gani, na wala sio hapa kwetu.

Na msidhani ni maskini tu wanaokosea. Kampala yenyewe, mji mzima, umefanya kosa la plot. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya mji, yenye choo na yasiyo na choo, unapita kwenye kinamasi unaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na pale Ggaba, ghuba hiyo hiyo, ndiko Nashono Wota, shirika la maji la taifa, wanavuta maji ya kusafisha watu wanywe. Choo na kisima kwenye plot moja, tofauti ni kwamba plot ni ziwa. Zamani kile kinamasi kilikuwa kinapika, kama udongo wetu, mafunjo yanachuja. Watu wakalima magimbi, wakajenga, maji yakachimba njia yake yakawa yanapita bila kuchujwa. Wamejenga mtambo mkubwa wa maji taka Bugolobi, wamejenga Lubigi ulioanza 2014 ambao unapokea na malori ya kunyonya vyoo, na maji mapya ya kunywa ikabidi wakayafuate Katosi kule Mukono, mbali na ile ghuba. Hiyo ni hela kiasi gani? Sisi hatuna Katosi yetu. Maji yetu ya huku yanashuka Mto Sio, mpaka wenyewe ule, yanaingia ziwa lile lile, na yale ya chini ya ardhi hayapangi foleni ya pasipoti, tukichafua tunawanywesha mashemeji zetu wa Kenya na wao wakichafua wanatunywesha.

Sasa tufanyeje? Msimamo wangu nausema wazi na wengine hamtaupenda. Kwenye mtaa wa plot za 50 kwa 100 hamuwezi kuwa na septiki kila plot na kisima cha kunywa kila plot. Chagueni kimoja. Na kwa kuwa hakuna aliye tayari kuacha choo, mtakachoacha ni kunywa maji ya visima vya ndani ya uzio. Kisima chako kisifukiwe, fulia, jengea, osha pikipiki. Maji ya kunywa yatoke bombani, au yatoke kwenye kisima kimoja cha pampu cha mtaa kilichochimbwa upande wa juu wa mteremko, na pale kuzunguka mita 30 kila upande kusiwe na choo cha mtu yeyote, hata cha mkubwa, hata cha msikiti au kanisa. Mita 30 moja ya kulindwa na watu wote ni rahisi kuliko mita 30 za visima mia moja ambazo hazipo.

Na hilo hamhitaji kumsubiri mtu wa Kampala. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaruhusu hata baraza la kijiji kutunga sheria ndogo, bailo, mradi isigongane na sheria za juu. Kijiji! Yaani nyie hapa. Andikeni: kisima cha mtaa kiko hapa, duara lake ni hili. Andikeni: anayeongeza vyumba vya kupangisha aonyeshe kwanza tanki lake jipya likiwa wazi, LC, yaani uongozi wa kijiji, na mtu wa afya walione kabla ya kumwaga slebu, zege la kufunika. Andikeni: kila landilodi aonyeshe risiti ya kunyonya. Tanki likijaa tope kama theluthi moja linatakiwa linyonywe, kwa familia ya kawaida ni kila miaka 3 mpaka 5, kwa nyumba za mizigo mapema zaidi. Unajuaje theluthi? Chukua ufito mrefu, funga kitambaa cheupe kwenye ncha, shusha mpaka chini, subiri, toa. Pale kitambaa kilipochafuka sana ndipo tope lilipofika. Hiyo haihitaji digrii.

Mama pale umeuliza kuhusu dawa. Zile unga za kumwaga tanki lisijae, na hamira, na asidi ya betri nimeona mtu anamwaga. Okoa hela yako mama. Tope halitoki kwa dawa, linatoka kwa mpira wa lori. Na dawa za kuua wadudu na jiki ukimwaga nyingi unaua wale wafanyakazi wako wa ndani wanaokula tope bure bila mshahara. Pampasi, makaveera yaani mifuko ya plastiki, pedi, matambara, hivyo havioziki, nilifungua tanki moja Bweyogerere nikakuta sponji nzima ya godoro la mtoto, sijui ilipita wapi mpaka leo.

Halafu lori likija muulize dereva anaenda kumwaga wapi. Muulize kweli, mwandikie namba ya gari. Ukilipia tripu akaenda kumwaga kwenye mtaro nyuma ya soko, umelipia kurudishiwa uchafu wako kwa njia ya nyanya. Na ukijenga acha nafasi ya mpira kufika. Mtaa wetu vijia vimebana, tumezoea boda, si sisi watu wa mpaka ndio tuliozaa boda boda? Lakini lori la kunyonya haliwezi kuja kwa boda. Kampala kwenye mitaa iliyobana wanatumia pampu za mkono, vijana wanavuta tope wanajaza mapipa wanayapandisha kwenye pikapu, inawezekana, ila ni kazi ngumu na bei yake inaanzia kwenye ugumu huo.

Na hili nalisema polepole vijana mnisikie. Usishuke ndani ya septiki. Hata kama limenyonywa, hata kama ni la kwako, hata simu ikidondoka. Mle kuna hewa ya sumu, ile inayonuka mayai viza, ukiivuta nyingi pua inazoea harufu huisikii tena, unadhani imeisha, unaanguka. Halafu mwenzako anashuka kukuokoa naye anaanguka. Nimezika fundi mwenzangu hivyo, yeye na shemeji yake siku moja. Simu yenyewe aliyoifuata ilikuwa ya kubonyeza. Na usiwashe kiberiti kuchungulia.

Mzee wangu pale mbele unatikisa kichwa, sema tu. Anasema yeye kisima chake kimekuwepo kabla ya mtaa, kabla ya hizi plot, alikunywa baba yake, na hakijawahi kumdhuru mtu. Mzee nakuheshimu, na nakuamini. Wakati baba yako anachimba kile kisima, choo cha karibu kilikuwa wapi? ...Anasema kulikuwa hakuna, walikuwa wanaenda kichakani kule bondeni. Umeona mzee, kisima hakijabadilika, ila majirani wamesogea. Ndiyo nataka tuanzie kwako kwa ruhusa yako, kwa sababu kiko upande wa juu, na pengine hicho ndicho kinafaa kuwa cha mtaa kama maji yakipimwa yakatoka vizuri. Mtu wa afya yupo pale na zile chupa zake ndogo, maji yakikaa mle siku mbili yakageuka meusi tujue kuna kinyesi, yasipogeuka tumshukuru Mungu halafu tupime tena mvua ikinyesha, kwa sababu visima vingi vinakuwa safi kiangazi halafu mvua ya kwanza inavisaliti.

Dakika zangu zimeisha, cheyamani ananionyesha saa. Basi tusiagane hapa, twendeni wote kwa mzee, ni hapo hapo. Kijana wa shati jekundu shika ncha hii ya tepu. Wewe mama wa plot ya nyuma, tufungulie geti lako maana tukivuta itaingia kwako.